Ukishaomba, Fika na Ofisi ya Ardhi

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, ombi la kiwanja halikosekani kwenye maombi ya katikati ya wiki. Dalali anapiga simu: kipo Nala, hapa Dodoma, mita 20 kwa 30, mwenyewe amebanwa na ada, anataka hela leo. Muumini anakesha usiku mmoja, anaamka na amani moyoni, analipa. Miezi miwili baadaye anakuta kiwanja kimepimwa kwa jina la mtu mwingine, naye anarudi kanisani na swali zito: mbona Mungu alinipa amani?

Mungu hakubadilika kati ya usiku ule wa mkesha na siku ile kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka. Kilichokosewa ni kipimo alichotumia, ile amani ya moyoni. Wakolosai 3:15, ule mstari wa amani ya Kristo kuamua mioyoni, umeandikwa kwa watu waliokuwa wakiambiwa wachukuliane na kusameheana. Mstari wenyewe unataja "mwili mmoja". Ni amani kati ya ndugu na ndugu. Anayetaka kuona utulivu wa moyo unavyoweza kudanganya amsome Yona sura ya 1: alifika Yafa akakuta meli iko tayari, nauli anayo, akapanda, akalala fofofo wakati mabaharia wanatupa shehena baharini. Kwa lugha yetu ya kanisani tungesema mlango umefunguka na amani ipo, kumbe mtu anamkimbia Mungu. Naye Yesu pale Gethsemane, katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, alisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa.

Vizuizi navyo si kipimo. Mvua ya huku ni msimu mmoja, na mara nyingi hukata Januari au Februari, jua likauchoma mtama uliokwisha kufika magotini. Kama kila kizuizi kingekuwa "hapana" ya Mungu, Ugogo, nchi hii ya Dodoma, usingelimwa hata mara moja.

Basi mtu afanyeje? Mimi naanza na daftari. Andika tarehe na swali moja linalojibika. "Bwana nionyeshe njia" halitoshi. Andika: "Ninunue kiwanja hiki kwa milioni nne mwezi huu, au nisubiri?" Kisha jiulize Mungu amekwisha kusema nini juu ya jambo hilo. Kama hela yenyewe ni mkopo ambao mkeo haujui, au bei inawezekana tu kwa kughushi karatasi, jibu unalo tayari, wala usipande mlimani kuliombea tena. Hapa ndipo kutobadilika kwa Mungu kunapotusaidia kazi: alichokataza kwenye Maandiko hatakiruhusu kwa ndoto ya Alhamisi.

Likipita hapo, tafuta washauri. Mithali 15:22 inasema kwa wingi wa washauri mashauri huthibitika. Wawili au watatu wanatosha, mwenzi wako akiwa wa kwanza, na wote wawe watu wasiopata chochote ukinunua au ukiacha. Dalali hayumo, hata kama mnaimba naye kwaya. Mmoja awe anaijua kazi yenyewe, mpima ardhi kwa mfano, awe wa dhehebu lako au la. Hata maono ya Paulo ya Makedonia hayakwenda hivihivi: katika Matendo 16:10 aliyeona ni mmoja, lakini waliopata hakika kwamba Mungu anaita wanatajwa kwa wingi.

Halafu miguu. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ongea na majirani wa mipaka yote minne bila muuzaji kuwepo, kisha omba upekuzi ofisi ya ardhi uone jina lililosajiliwa. Jipe wiki mbili za kuomba na kuchunguza kwa pamoja. Muuzaji akisema hawezi kungoja, Isaya 28:16 inakungoja wewe: "yeye aaminiye hatafanya haraka."

Kuhusu kumpigia simu "nabii" na kutuma sadaka ili akuone kiwanja kwa macho ya rohoni, sina maneno mengi. Yakobo 1:5 inasema Mungu huwapa wote kwa ukarimu, wala hakemei. Hakutaja muamala.

Na aliyekwisha kukosea? Huyu ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu wengi wanaamini uamuzi mmoja mbaya umewatoa kwenye mpango wa Mungu moja kwa moja. Wasome Yoshua 9. Wagibeoni, majirani waliojifanya watu wa mbali, walikuja na mkate uliokauka wenye ukungu, viriba vilivyopasuka, viatu vya viraka. Watu wa Israeli walikagua vyakula lakini hawakutaka shauri kwa Bwana, kosa kinyume na lile la mtu wetu wa Nala. Wakatapeliwa, wakala kiapo cha kuwaacha hai. Walipogundua, hawakukivunja. Sura inayofuata, ni katika kuwatetea Wagibeoni walewale ndipo Mungu alipowapigania kwa mvua ya mawe na jua likasimama. Malaki 3:6 inatajwa sana nusu tu. Yote inasomeka hivi: "Kwa kuwa mimi, Bwana, sina kigeugeu, ndio maana ninyi hamkuangamizwa, enyi wana wa Yakobo." Waliokuwa wakiambiwa hivyo walikuwa wamekengeuka tangu siku za baba zao.

Kwa hiyo aliyeuziwa hewa atafute risiti na mashahidi wake, aende baraza la ardhi, na asikimbilie kiwanja cha pili ili kulipiza cha kwanza. Jumatano arudi kwenye maombi. Daftari ni lilelile, afungue ukurasa mpya na kuandika tarehe.