Kauri si kijiwe

Jumamosi iliyopita nilikuwa katikati ya jiji na mpwa wangu wa miaka 7, tunatafuta mkufu wa mamake. Akaokota kauri moja mezani. "Shangazi, hii ni mbegu ya mti gani?" Muuzaji akamjibu kwa upole, "Si mbegu, mwanangu. Ni kijiwe cha baharini."

Jibu hilo limenikaa moyoni wiki nzima. Kauri ni konokono wa baharini! Anapotembea usiku hutoa ngozi laini pande zote mbili, ikampanda mgongoni hadi ikafunika gamba lote. Ngozi hiyo ndiyo inayolijenga gamba na kulikinga lisikwaruzwe, ndiyo maana kauri hung'aa bila kupakwa chochote. Akifa mwenyewe, mawimbi yakamviringisha na jua likamchoma, mng'ao huondoka. Basi zile zinazometameta kwenye meza zetu hapa Nairobi, nyingi zilitolewa mwambani zikiwa hai, maji yalipokupwa, zikaachwa zioze mpaka nyama iishe.

Niliwahi kuinua jiwe ufukweni kule Msambweni, pwani ya Kenya, nikamkuta kauri mmoja kalalia mayai yake. Sikumgusa. Nililirudisha jiwe polepole, mikono ikitetemeka.

Na kauri zetu za pwani nyingi zina duara la rangi ya dhahabu mgongoni. Mtu wa Nairobi halioni, kwa kuwa mgongo ndio unaovunjwa ili uzi upite. Tunavaa nusu ya chini, ule mdomo wenye meno, tukidhani ndiyo kauri nzima.

Najua, ni mila. Zilikuwa fedha Buganda, na karne ya 19 meli zilizisomba kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi. Na mama anayeziokota anatafuta unga wa watoto, hilo siwezi kulipinga. Lakini mwamba nao una watoto wake. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa 1968, huruhusiwi kuondoka hata na gamba tupu, maana hata hilo ni nyumba ya kaa.

Nilimweleza muuzaji haya yote palepale. Hakukasirika. Alichukua kauri moja ambayo haijavunjwa, akaigeuza mara mbili kiganjani, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Sasa dada, kichwa kilikuwa upande gani?"

Nikamwonyesha, upande ule mwembamba.