Ujasiri wa Bikila haukuishia Roma

Nimesoma makala yenu kuhusu tuzo ya kumbukumbu ya Abebe Bikila, ambayo chama cha New York Road Runners huwatunuku watu waliotoa mchango mkubwa katika mbio ndefu, na nimesikitika kidogo kuona kwamba mwandishi amesimulia tu jinsi Mwethiopia huyo alivyoshinda maratoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Hilo tunalijua tangu utotoni. Ujasiri ninaouheshimu zaidi ni wa baada ya ajali ya gari ya mwaka 1969 iliyomwacha amepooza miguu, kwani mwaka uliofuata alikuwa Uingereza, juu ya kiti cha magurudumu, akishindana kwa upinde na mishale. Hapa Goma picha hiyo si ngeni. Kwenye Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati yetu na Rwanda, nimewaona mara nyingi ndugu zetu wenye ulemavu wakizungusha kwa mikono baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo, viganja vimeota sugu, huku kijana akisukuma kwa nyuma kila gurudumu linapokwama kwenye mawe ya volkano. Tuzo ya namna hiyo ikianzishwa kwetu, ningewaomba waamuzi wapite hapo mpakani kwanza, kabla ya kwenda uwanjani.