Kauli ya Wananchi Iende Pamoja na Fungu

Wanaotaka wananchi wawe na kauli zaidi katika maamuzi ya eneo lao husema kwamba mwenye shida ndiye anayeijua, na ushahidi wanao. Nchini India, marekebisho ya Katiba ya mwaka 1992 yalitenga angalau theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji kwa ajili ya wanawake. Watafiti walipochunguza mabaraza ya West Bengal yaliyoongozwa na wanawake, waliyakuta yakitumia fedha zaidi katika maji ya kunywa, kero ambayo wanawake wa huko ndio waliokuwa wakiilalamikia mara nyingi zaidi.

Wanaosita nao hawasemi ovyo. Mkutano wa hadhara huhudhuriwa na mwenye nafasi, na aliyezoea kusema mbele za watu ndiye anayeondoka na uamuzi. Lililo zito zaidi ni wizi wa fedha. Nchini Indonesia ulifanyika utafiti wa miradi zaidi ya 600 ya barabara za vijijini, uliochapishwa mwaka 2007, ambapo wahandisi walichimba sampuli za barabara zenyewe ili kukadiria vifaa vilivyotumika kweli. Kuwaalika wananchi wengi zaidi kwenye mikutano ya uwajibikaji kulisaidia kuzuia wizi wa ujira, lakini si wa vifaa. Uhakika wa kukaguliwa na serikali ndio uliopunguza upotevu, kwa takriban pointi 8 za asilimia. Mwanakijiji hujua kama jirani yake alilipwa, ila hana njia ya kupima kina cha kokoto.

Kwa maoni yangu, matokeo hayo hayawanyimi wananchi uamuzi, bali yanagawa kazi: wao waamue kijengwe nini na wapi, wakaguzi wapime, kisha ripoti isomwe mbele ya mkutano uleule. Linaloniudhi ni desturi ya kuwaita watu baada ya fungu la fedha kugawanywa, wakasaini karatasi ya mahudhurio, na saini hizo zikaambatishwa kwenye mpango kama uthibitisho wa ridhaa. Katika ngazi ya ushiriki yenye vidato 8 aliyoichora Mmarekani Sherry Arnstein mwaka 1969, jambo hili linakaa chini kabisa, pale ambapo yeye hakukubali hata kuliita ushiriki. Jimbo la Kerala nchini India lilianzia kwenye fedha: mwaka 1996 liliamua kupeleka kati ya asilimia 35 na 40 ya fungu la mpango wa maendeleo kwa serikali za mitaa kabla hata hazijajengewa uwezo, hivyo waliokuja kwenye vikao vya vijiji walikuta kuna kitu cha kuamua.