Mgambo wa majini wa New York na ile asilimia tano

Ukimwambia mtu kwamba Jimbo la New York lina wanamaji wake, mbali na wale wa Jeshi la Majini la Marekani, atadhani umekosea. Lakini wapo tangu 1891 na hawajawahi kuvunjwa. Gavana akiwaita, wanakuja, bila yeye kupiga hodi Washington. Nimesoma habari zao kwa miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoamini kwamba majimbo mengine ya pwani yalifanya makosa kuuacha mgambo huu ufe.

Ulizaliwa kwa shida. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Marekani iliziacha meli zake zioze. Ilipoanza kuunda meli za chuma miaka ya 1880, haikuwa na jeshi la akiba la majini. Majimbo yakajitwika mzigo huo. Massachusetts ilipitisha sheria 1888 na kuunda kikosi 1890, New York ikafuata. Bunge la Washington likachangia dola 25,000 za silaha, wagawane wote.

Vijana wa New York walipewa meli ya New Hampshire wafanyie mazoezi. Hebu ifikirie meli hiyo: ya mbao, mkuku wake ulilazwa 1819, ikakaa chelezoni miaka mingi, ikashushwa majini 1864 wakati zama zake zimekwisha. Humo ndimo makarani na mawakili walimojifunza ubaharia jioni, baada ya kazi. Baadaye iliitwa Granite State, na mwaka 1921 iliungua ikazama katika Mto Hudson.

Vita na Hispania vilipoanza 1898, miji ya pwani ya mashariki iliingiwa na hofu kwamba meli za Admeri Cervera wa Hispania zingetokea bandarini. Serikali ikanunua meli za biashara harakaharaka na kuzifunga mizinga. Moja ilikuwa Yankee. Nahodha alitoka jeshi la kudumu, mabaharia wakawa mgambo wa New York, na Juni 6 walikuwa wakizipiga ngome za Santiago de Cuba. Wa Michigan, jimbo lisilo na bahari bali maziwa makubwa, walipanda Yosemite. Miongoni mwao alikuwamo wakili Edwin Denby, aliyehudumia mizinga. Mwaka 1921 akawa Waziri wa Majini.

Wanaousifu mgambo huu huishia hapo, kwenye mizinga. Mimi naona kazi hiyo ilipita. Sheria ya 1914 iliufungamanisha mgambo na jeshi la taifa, na 1915 Washington ikaanzisha akiba yake yenyewe. Majimbo mengi yakaona hakuna haja tena. Leo sheria inasema jimbo likitaka msaada wa Washington, angalau asilimia 95 ya mgambo wake wawe askari wa akiba wa Jeshi la Majini au wa Marini, kikosi cha askari wanaopigana kutoka melini. Mtu mmoja, kofia mbili. Na Washington ikimwita, kofia ya jimbo anaivua.

Kilichobaki ni kazi ya nyumbani, nayo ndiyo yenye thamani. Baada ya Septemba 11, 2001 waliitwa. Kimbunga Sandy kilipopiga Oktoba 2012 waliitwa tena. Boti zao zimefanya doria Mto Hudson, hata karibu na kituo cha nyuklia cha Indian Point kabla hakijafungwa 2021. Kazi hiyo inamtaka mtu anayejua mkondo unageuka saa ngapi na fungu la mchanga liko wapi, na ujuzi huo haumfikii mgeni kwa kupewa ramani.

Msomaji wa Zanzibar atakuwa ameshaiwaza KMKM. Naam, vinafanana kiasi. Ulinzi ni jambo la Muungano, lakini Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) ni cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na Katiba ya Zanzibar inakitambua kama idara maalum pamoja na Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU) na Chuo cha Mafunzo, yaani magereza. Askari wake ni waajiriwa wa kudumu, na hapo kinatofautiana na mgambo wa New York. Kazi yake ilikuwa magendo, karafuu za Pemba zikivushwa kwenda Kenya. Lakini meli ya abiria Spice Islander ilipozama Septemba 2011, na Skagit Julai 2012, watu hawakuuliza habari za karafuu. Walitaka wazamiaji wanaoijua bahari ya Nungwi na ya Chumbe, na KMKM ilikuwa nao.

Ndiyo maana zile kofia mbili zinanisumbua. Siku ya vita kubwa, askari wa akiba wote wanaondoka, na gavana anabaki na boti zisizo na watu. Dawa imo ndani ya sheria ileile: asilimia tano inayobaki si lazima wawe wanajeshi wa akiba. Mwaka 2001 watu laki kadhaa walitolewa Manhattan kwa njia ya maji, na wengi wa waliowavusha walikuwa raia, wa feri, wa tagi zinazovuta meli, wa boti za kawaida. Walizisogeza kwenye kuta za bandari huku moshi umetanda. Ningekuwa mbunge kule Albany, makao makuu ya jimbo, nafasi hizo chache ningeanza kuwapa wao.