Mabati 20 kwa Miaka 35 ya Chaki

Mabati yaliingia yakicheza. Walimu kumi, wawili wawili, kila jozi imebeba manne yaliyofungwa utepe wa satini, na kila kiitikio kilipofika waliyatikisa yakapiga kelele kuizidi spika ya MC. Mwalimu aliyekuwa anaagwa kwa kustaafu aliketi chini ya turubai karibu na mgeni rasmi, kitenge chake bado kinanukia duka. Yalipotuliwa miguuni pake aliinuka, akainama, akapitisha dole gumba kwenye ukingo wa bati la juu. "Anaangalia geji, unene wa bati," alininong'oneza mama niliyekaa naye. Kweli alikuwa anaangalia geji. Miaka yote alikaa nyumba ya shule, na funguo zilikuwa zinasubiriwa na mwalimu mwingine.

Picha za shughuli kama ile zikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp, haipiti muda kabla mtu hajaandika: "Miaka yote hiyo, mabati?" Wengine husema sherehe ni kiini macho, mtu analishwa pilau ili asahau alichopunjwa. Wanaosema hivyo wana sababu, na iliyo nzito kuliko zote inaitwa kikokotoo, kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu Tanzania.

Chukua mwalimu anayestaafu kwa mshahara wa wastani wa shilingi milioni 1, aliyechangia miezi 420, yaani miaka 35. Kwa kanuni waliyokuwa nayo zamani wanachama wa PSPF na LAPF, mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma (moja ya 540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi aliochangia, nusu yake ikizidishwa mara 15.5 na kulipwa kwa mkupuo) angeondoka na milioni 72.3 hivi, kisha pensheni ya shilingi 388,900 kila mwezi. Mifuko hiyo iliunganishwa 2018 kuwa PSSSF, na kanuni iliyoanza Julai 2022 (moja ya 580, mara 12.5, asilimia 33) ikaushusha mkupuo hadi milioni 35.8. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha asilimia hiyo kuwa 40 kwa waliokuwa wakilipwa nusu, mkupuo ukawa milioni 43.4 na pensheni ya mwezi 434,500.

Watetezi wa mfuko hujibu kwamba pensheni ya mwezi imepanda. Ni kweli, imepanda kama shilingi 45,600. Sasa chukua zile milioni 28.9 zilizopungua kwenye mkupuo, uzigawe kwa hizo 45,600. Unapata miezi 633. Miaka 52 na ushee. Mtu anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 itabidi afikishe 112 ndipo arudishe kilichopungua. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, nikitumaini kuna nukta nimeikosea. Najua mifuko ilikuwa taabani; PSPF ilibebeshwa pensheni za watumishi ambao kabla ya 1999 hawakuwa wanachangia kabisa, na kanuni ya zamani ilikuwa na ukarimu usiokuwa na pesa nyuma yake. Lakini aliyeingia darasani wakati ule hakuulizwa ni nani atalipia deni hilo.

Weka na chama cha walimu. Ada yake ya asilimia 2 ya mshahara kila mwezi kwa miaka 35 ni sawa na mishahara ya zaidi ya miezi minane. Matawi ya chama hicho yamekuwa yakiwapa wastaafu mabati, na mwanachama mwenye kalamu na karatasi ana haki ya kuuliza kwa nini fedha yake imerudi ikiwa bati, tena mabati 20 hayatoshi kuezeka nyumba ya vyumba vitatu.

Kuna na suala la michango ya sherehe. Orodha inabandikwa ofisi ya walimu, jina na kiasi, na aliyebakiwa na laki moja baada ya makato ya mikopo naye inabidi aandike elfu kumi. Hilo halina utetezi. Hiari yenye orodha ukutani si hiari.

Pamoja na hayo yote, naona wanaobeza wamegombana na mtu asiyehusika. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi hana mamlaka hata juu ya nukta moja ya kikokotoo. Jirani aliyeleta jogoo hakukaa kwenye kamati yoyote ya mafao. Sherehe haijawahi kumpunguzia mtu shilingi ya pensheni, na ikifutwa kesho hakuna mstaafu atakayeongezewa. Anayesema "acheni sherehe, mpeni haki yake" anazungumza kana kwamba mambo haya mawili yanatoka mfuko mmoja.

Halafu kuna risala, kitu ambacho picha haionyeshi.

Mwalimu yule alisoma kurasa mbili. Ya kwanza ilikuwa shukrani, kama kawaida, kwa Mungu na kwa wakuu aliofanya nao kazi, akiwataja hadi waliokwisha kufariki. Ya pili aliisoma taratibu zaidi. Alisema amepandishwa daraja kwa barua na mshahara ukafuata baadaye sana, na malimbikizo hayajalipwa. Alisema fedha ya kusafirisha mizigo kwenda kwao, ambayo mtumishi anayestaafu anastahili, bado hajaiona, na nyumba anatakiwa kuiacha. Alisema hayo kwenye maikrofoni, mbele ya Afisa Elimu Kata, mtendaji, diwani, wazazi na watoto waliojaa ukingoni mwa uwanja. Mgeni rasmi alitoa kalamu akaandika. Kuandika si kulipa, naelewa. Ila mwalimu huyo huyo alikuwa amekwenda na bahasha yake kwenye ofisi za halmashauri mara kadhaa, na alikuwa akijibiwa na mtu mmoja kwenye korido. Siku ile aliyaweka madai yake hadharani, mashahidi wakiwa kata nzima. Ni siku gani nyingine katika utumishi wake mwalimu wa kawaida anapewa maikrofoni, wakubwa wakiwa wameketi na hawana pa kukimbilia mpaka chakula kiive?

Ndiyo maana nasita ninaposikia pendekezo la kuwatumia wastaafu fedha ya sherehe kwa simu na kumaliza. Fedha ingefika, tena ingemsaidia kuliko keki. Lakini ingefika kimyakimya, na mwalimu angeondoka kimyakimya, na dai lake lingebaki kwenye korido.

Sherehe ina uongo wake. Hakuna mwalimu mvivu aliyewahi kuagwa. Wote hugeuka kuwa "mlezi wa mfano" saa nane mchana. Siku ile alisimama dereva wa bodaboda, mtu mzima mwenye watoto, akaeleza alivyochapwa kwa kuchelewa namba na jinsi alivyomchukia mwalimu mpaka alipofika kidato cha pili. Watu walicheka. Mstaafu hakucheka, alitazama chini. Nadhani hata yeye alijua kwamba baadhi ya fimbo zile hazikuwa za malezi.

Ningekuwa mimi ndiye mkosoaji, hata hivyo, nisingeshika mabati. Ningekwenda nyuma ya madarasa, jikoni.

Pilau ya siku ile ilipikwa na mama anayewakorogea watoto uji na makande siku zote za masomo. Analipwa kwa michango ya wazazi ya chakula, mwezi ikipatikana, isipopatikana anavumilia. Mlinzi aliyepanga viti alfajiri naye ni hivyo hivyo. Jina la mpishi halimo PSSSF wala kwenye mfuko mwingine wowote, na asilimia zote nilizohesabu hapo juu, ziwe 33 au 50, kwake ni asilimia za sifuri. Umri wa kustaafu kwake ni siku magoti yatakapokataa. Wapishi na walinzi wa namna hii wapo katika shule nyingi za msingi nchini, na sijawahi kualikwa hata mara moja kumuaga mmoja wao.

Kamati ya shule haihitaji kibali cha waziri ili kuwaingiza kwenye utaratibu huu. Inahitaji kikao kimoja, muhtasari, na fungu dogo linalowekwa kila muhula badala ya kusubiri orodha ya ukutani. Nilimdokeza hivyo mwalimu mkuu tulipokuwa tunasubiri maji ya kunawa. Alikubali, akasema basi tuanze kwa kuandika mama amefanya kazi miaka mingapi. Akamwita.

Mama alikuja akijifuta mikono kwa khanga. Alisema alianza mwaka ule upepo ulipoezua darasa la tatu. Mwalimu mkuu, aliyehamia pale juzi juzi, alinitazama, akamtazama mlinzi, mlinzi akasema upepo huo anaukumbuka, ila yeye alikuta madarasa yameshaezekwa.