Hunter zilizoruka kutoka Hargeisa kuipiga Hargeisa

Katikati ya jiji la Hargeisa, huko Somaliland, kaskazini mwa Somalia, kuna mnara uliobeba ndege ya kivita ya MiG-17. Umejengwa kwa kumbukumbu ya mwaka 1988, serikali ya rais wa Somalia, Siad Barre, ilipoushambulia mji wa raia wake kwa mizinga na mabomu. Kwa kuwa ndege iliyo juu ya mnara ilitengenezwa na Wasovieti, watu wengi huamini kwamba mauaji yale yalifanywa kwa silaha za Moscow tu. Hilo linaniuma, maana angani siku zile zilikuwepo pia Hawker Hunter, na Hunter ni ndege ya Mwingereza.

Zilifikaje Somalia? Abu Dhabi ilizinunua Uingereza, ikazitumia, kisha zikahamia Mogadishu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilipofika mwishoni mwa Mei 1988, wapiganaji wa SNM, kundi la waasi wa kaskazini waliompinga Barre, wakaingia mji wa Burao, na siku chache baadaye Hargeisa. Jibu la serikali lilikuwa kuubomoa mji. Ndege ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa penyewe, zikamwaga mabomu juu ya nyumba zinazoonekana kutoka uwanjani, zikarudi kupakia mengine. Baadhi ya marubani wa Hunter walikuwa mamluki wazungu kutoka kusini mwa Afrika. Wakimbizi waliofika Ethiopia walisimulia kwamba ndege ziliwaandama hata njiani. Waliokufa ni makumi ya maelfu. Rubani mmoja Msomali aliyetumwa kupiga mabomu alikataa, akaielekeza MiG yake Djibouti. Mtu huyo anastahili heshima kuliko majenerali wote waliotoa amri.

Wapenzi wa ndege huisifu Hunter kwa umbo lake, na kweli ilikuwa nzuri: iliruka mara ya kwanza mwaka 1951, ina injini ya Rolls-Royce Avon na mizinga minne ya milimita 30 chini ya pua. Zilitengenezwa karibu 2,000. Nyingi za zamani zilikarabatiwa na kuuzwa upya kwa Jordan, Kuwait, Rhodesia, Kenya na wengineo. Naomba tu kwamba kila anayeusifu uzuri huo aitaje na Hargeisa.

Tatizo lenyewe, la jeti za Uingereza kugeuzwa dhidi ya raia, ni pana kuliko Hunter. Tazama Strikemaster, nayo ya Mwingereza, ambayo ni ndege ya mafunzo ya Jet Provost iliyoongezewa nguvu na kufungwa mabomu na roketi. Ndege ya namna hiyo ingefanya nini mbele ya jeti za kisasa za nchi jirani? Kazi iliyoiweza ni kupiga watu walio chini wasio na ndege, na mara nyingi watu hao ni wananchi wa nchi ileile. Oman iliitumia katika jimbo lake la Dhofar dhidi ya waasi, ikirushwa zaidi na marubani Waingereza. Sikatai kwamba tarehe 19 Julai 1972, pale Mirbat, mji wa Dhofar uliovamiwa na waasi, Strikemaster zilizopita chini ya mawingu mazito ziliokoa maisha ya waliozingirwa. Lakini hata vita hivyo vilikuwa vya ndani. Kenya nayo, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga wa kambi ya Nanyuki walioasi katika jaribio la mapinduzi waliwashurutisha marubani wakapige mabomu Nairobi kwa ndege za F-5 na Strikemaster. Nairobi ilinusurika kwa sababu marubani waliyatupa mabomu msituni Mlima Kenya.

Yapo mapigano ya jeti hizi yaliyovuka mipaka, nakubali. Hunter za Jordan zilipigana na Israel mwaka 1967, na Hawk za Zimbabwe, jeti nyingine za Mwingereza, zilipelekwa vitani Kongo mwaka 1998.

Hizo Hawk ndizo zinazonifanya nisikubali hoja kwamba muuzaji akishapokea pesa hana la kufanya. Januari 2000, vita vya Kongo vikiendelea, serikali ya Tony Blair iliruhusu vipuri vya Hawk viuzwe Harare. Mei mwaka huohuo, London ikasimamisha. Ndege haziruki muda mrefu bila vipuri, na London ilijua hivyo vizuri. Kwa hiyo anayeuza jeti leo kwa jeshi dogo la anga aandike kwenye mkataba kwamba haiuzwi wala kugawiwa kwa nchi nyingine bila ridhaa yake, na kwamba vipuri na mafundi vitakoma siku bomu la kwanza litakapodondoshwa juu ya mji wa raia. Na mkataba huo uchapishwe, wananchi wa nchi inayonunua wausome kabla ndege haijatua.