Nimenunua Taa, Taa Imeniajiri

Hapa Chikongola, Mtwara, nimeuza vitambaa miaka tisa chini ya kibao cha bati. Alinichorea mzee mmoja kwa brashi: "AMANI VITAMBAA NA MAPAZIA", na pembeni mkasi unaofanana zaidi na kaa. Hakuna mteja aliyewahi kupotea. Msimu wa korosho watu wanashuka kutoka Tandahimba na Newala na hela zao, wananyoosha mguu mpaka dukani. Nilikuwa na shida gani mimi?

Shida ilikuwa jirani. Anauza simu, akaweka herufi zinazowaka.

Siku ya kwanza nikasema mbona ndogo. Siku ya pili nikazipiga picha nikijifanya napokea simu. Siku ya tatu fundi mabango alikuwa mlangoni kwangu na tepu, anapima.

Mimi nilidhani taa ni taa. Kumbe kuna herufi zinazowaka usoni, mwanga unapenya kwenye akriliki, ile plastiki ngumu. Kuna zilizofumba uso, mwanga unatokea kisogoni na kuupaka ukuta. Na kuna zinazowaka mbele na nyuma. Hizo ukiuliza bei, fundi anakutazama kwanza viatu.

Nikapenda za kisogoni. Zina heshima, zinatulia kama mlango wa benki. Fundi akatazama ukuta wangu, akacheka hadi akakaa kwenye stuli ya wateja. Fremu yangu ilipakwa rangi bure na watu wa kampuni ya simu, nyekundu kuanzia msingi mpaka chini ya bati, na siku ile niliwashukuru na soda nikawanunulia. "Bosi, mwanga wa nyuma unataka ukuta mweupe uurudishe. Huu utaumeza wote." Kuubadilisha ukuta kunataka ruhusa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba wangu ukimpigia kuhusu rangi anakumbuka kodi. Haya, za usoni. Ziwe nyekundu. "Nyekundu juu ya nyekundu, bosi?" Haya, nyeupe! Mtu unaambiwa chagua, halafu kila unachokishika kinawekwa pembeni.

Bei sasa. Wanahesabu kwa herufi. Elfu 60 kila moja, kimo cha sentimita 30. Ndipo nilipojua kwamba Kiswahili ni lugha ya matajiri. Jirani kaandika SIMU, herufi nne, kalala. Mimi kibao changu kina 22. A peke yake zipo tisa! Nikaomba basi A nipewe kwa bei ya jumla. Fundi akasema A na M bei moja. Nikauliza, na I je, kijiti kile? Bei moja. I inakula akriliki ya kutengenezea rula, lakini bei moja.

Nikasema tushushe kimo. Akanifungulia darasa pale pale: kila sentimita 10 za herufi zinasomeka vizuri kutoka kama mita 12, kwa hiyo 30 zinakupa mita 36. Nikamwambia mteja wangu akiwa mita 36 ameshaingia kwa Mpemba wa kona, mimi nataka anisome akiwa hapa kwenye mtaro. Akasema herufi ikiwa ndogo mno, miguu yake inakuwa myembamba na zile taa ndogo za ndani haziingii. Na kina kikipungua, mwanga hauenei, unaziona taa moja moja kama upele. Sawa. Tukarudi 30.

Ikabaki kukata maneno. NA ikaondoka, haikuwa na mtetezi. MAPAZIA ikaondoka, kwani pazia si kitambaa? Zikabaki AMANI VITAMBAA, herufi 13, laki saba na elfu themanini. Mfuko ukasema herufi nane tu: VITAMBAA.

Amani ni mwanangu wa kwanza. Mama yake hakupiga kelele, angepiga ningejua pa kushika. Alikunja kitenge alichokuwa anakipima, akakiweka, akasema, "Baba Amani, umemtoa mtoto ukutani ukaacha vitambaa." Basi. Wiki nzima chai yangu haikuwa na sukari na hakuna aliyesema neno.

Halafu kibali cha bango. Kijana aliyekuja kupima alianzia ukingo wa V mpaka ukingo wa A ya mwisho, akazidisha kwa kimo. Nikamwambia ndugu yangu, katikati ya herufi hakuna kitu, ni ukuta. Akasema vipimo ni hivyo. Nalipia hewa ya Mtwara, hewa ambayo nikiivuta bure hakuna anayeniuliza.

Zikafungwa Septemba. Usiku ule zilipowaka nilisimama ng'ambo ya barabara nikajiona nimeendelea. Zinakula umeme kidogo, hilo sibishi. Bango zima halifikii balbu moja ya zamani ya wati 100. Lakini nikiwa nimesimama pale nikaona jambo ambalo hakuna aliyeniambia, si fundi wala jirani. Duka langu linafungwa magharibi. Huku kwetu saa kumi na mbili jua linaaga. Kwa hiyo taa yangu ya karibu nusu milioni inaanza kazi dakika ile ninapofunga kufuli.

Ufanye nini? Nikaanza kufunga saa tatu. Nimekaa na mita ya mbao mkononi, nawakaribisha kumbikumbi. Nani ananunua kitambaa usiku? Mwanamke wa Mtwara akichagua kitenge anakitoa nje juani, anakigeuza, anakikuna kwa ukucha aone kama rangi inatoka. Umletee taa nyeupe ya volti 12? "Nitarudi asubuhi nikione vizuri, kaka." Hata usingizi wangu ukahamia mchana, juu ya majora ya satini.

Wanaofaidi ni wengine. Bodaboda wamehamisha kijiwe chao, sasa wanacheza drafti kizingitini kwangu na kunilalamikia nikisimama kwenye mwanga. Muuza pweza kaleta meza yake, kibatari kakirudisha nyumbani, anachambua vipande chini ya B yangu na kuuliza kama siwezi kuongeza mwanga kidogo.

Mvua za Desemba zikafika. Herufi hizi zinatakiwa zitobolewe vitundu chini, maji yakiingia yatoke. Fundi wangu aliziba kila mahali kwa silikoni, kwa mapenzi kabisa. Asubuhi moja nikaona M imejaa maji mpaka magotini na kumbikumbi wanaelea. Skrubu nazo aliweka za chuma cha kawaida, na upepo wa hapa una chumvi kama supu ya mgonjwa. Machozi ya kutu yakaanza kushuka ukutani. Angalau ukuta ni mwekundu, hayaonekani sana. Hiyo ndiyo faida pekee niliyowahi kuipata kwa ile rangi.

Kumbe umeme wa taa hizi unapita herufi moja kwenda nyingine, kama ndoo kwenye foleni ya bomba. Kiungo kati ya A ya kwanza na M kikaoza. Kilicho mbele kikawaka, kilicho nyuma kikalala.

Sikujua. Mimi niko ndani, bango liko nje. Nikashangaa tu usiku ule watu wanasimama, wanatazama juu, wanatazama ndani, wanaondoka taratibu. Nikatoka. Juu ya kichwa changu, nyeupe pee, sentimita 30, inasomeka mita 36: VITA.

Mama Amani alikuwa ng'ambo, kaja kuniletea chakula. Akasoma. Akanikabidhi hotpoti, akasema, "Si ulimtoa Amani," akaondoka zake.

Sasa hivi bodaboda ukimwambia Chikongola anakuuliza, "Vita au sokoni?" Fundi kila siku yuko njiani kuja. Jana ndio kafika kweli, na ngazi, na skrubu zisizoshika kutu, na kiungo kipya kilichozibwa. Kabla hajapanda, muuza pweza akanivuta pembeni na sahani ya mikia, bure, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Bosi, akianza kuwasha, mwambie aanze na ile B. Mimi nakaa pale."